Nilibeba nakala ya Machi hadi Sake

Alhamisi ya tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe. Kila mtu wa hapa anakumbuka alichokamata asubuhi ile. Jirani yangu alibeba godoro na kuku wawili. Mimi nilibeba hati za nyumba, blanketi moja, na diski ya nje ya terabaiti 1 niliyoifunga ndani ya kitenge. Kompyuta ya studio, ile ya mezani, niliiacha mtaani Majengo chini ya meza, na wala sikuisikitikia. Picha za harusi za miaka sita ziko kwenye diski, diski iko begani, basi. Nilitembea nayo hadi Sake, kilomita kama 25, katikati ya magari, chukudu (zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo) na mbuzi, moyo umetulia kabisa. Nikiukumbuka utulivu ule leo nacheka peke yangu.

Tuliporudi mwezi wa sita, studio ilikuwa imesimama. Ufa mmoja ukutani kwa ajili ya matetemeko, vumbi, na kompyuta pale pale nilipoiacha. Jioni umeme uliporudi nikachomeka diski, kwa kujiridhisha tu. Nakala ya mwisho: tarehe 9 Machi. Harusi zote za Pasaka hazimo. Ubatizo haumo. Sherehe ya kuaga ya mzee mmoja wa kanisa letu, ambaye alishafariki, haimo. Diski ilijaa mwezi wa tatu ikaacha kupokea, nami nikaenda kulala nayo Sake nikiitumia kama mto.

Sikupoteza kitu, kwa sababu lava haikufika kwetu. Na kosa lilikuwa langu. Programu inayonakili kazi zangu kwenye diski ilikuwa inatoa tangazo pembeni ya skrini kwamba hakuna nafasi, ila tangazo lile lilikuwa linatokea kila nikimwonyesha bibi harusi picha zake, nikaona aibu, nikayazima matangazo yote. Niliziba mdomo wa mtu aliyekuwa ananiita.

Baada ya hapo nilifanya wanachofanya wote: nikafuta nakala za zamani. Wiki tatu, diski imejaa. Nikafuta tena. Siku kumi, imejaa. Msaidizi wangu, kijana wa mama mdogo, akawa ananipokea mlangoni na salamu ile ile: "Yaya, diski imejaa tena." Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

Nikaenda Birere kwa fundi. Hata hakuishika mkononi. "Mukubwa, hii ni kadogo. Kamata ya terabaiti ine, utanishukuru."

Sina ugomvi naye, kazi yake ni kuuza diski. Lakini mimi nilishanunua kubwa mara moja, mwaka 2019, nilipotoka kwenye GB 500, nusu ya terabaiti. Ile ndogo ilijaa kwa mwaka mmoja. Kubwa maradufu ikajaa kwa mwaka mmoja na miezi michache. Hesabu hiyo ilitosha kuniambia kwamba ukubwa sio ugonjwa. Chukudu ikishindwa kupanda mlima, mwenye nayo hakimbilii kuchonga chukudu nyingine. Kwanza anageuka nyuma kuangalia alichopakia, na pengine anakuta watoto wawili wamedandia juu ya makaa.

(Kuna jambo moja ambalo mafundi wa Birere wanasingiziwa bure. Ukinunua diski ya terabaiti 1, kompyuta ya Windows itakuonyesha GB 931. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, yaani baiti 1,000,000,000,000, na Windows inagawa kwa 1,024 mara tatu. Ni diski ile ile kwa vipimo viwili. Wizi ni zile flashi za "terabaiti 2" za dola 15, ambazo ndani pengine zina GB 32 tu na zimefundishwa kudanganya: zinapokea kila kitu, zinaonyesha majina ya faili yote, na ukifungua picha hakuna picha. Ukiwa na shaka, ijaribu kwa programu ya bure inayoitwa H2testw kabla hujaiamini na harusi ya mtu. Inajaza flashi nzima, kisha inasoma upya kuona kama kilichoandikwa kipo kweli.)

Basi usiku mmoja nikakaa na diski yangu. Niliweka WinDirStat, programu ya bure ambayo inasoma diski nzima na kuichora kama shamba lililogawanywa viwanja: faili kubwa ni kiwanja kikubwa, na kila aina ina rangi yake. Ilichukua karibu nusu saa kusoma. Picha ilipotokea kwenye skrini, niliita kijana aje aone, kwa sababu sikutaka kuona peke yangu.

Kulikuwa na viwanja vitano vinavyofanana kama mapacha. Ukubwa mmoja, rangi moja, mpangilio mmoja. Nikabofya cha kwanza: "Harusi Himbi". Cha pili: "Harusi Himbi FINAL". Cha tatu: "Harusi Himbi FINAL 2". Cha nne: "Harusi Himbi FINAL KABISA". Cha tano: "Harusi Himbi IMETOLEWA". Ni harusi moja. Picha 2,000 za RAW, yaani ghafi kama zilivyotoka kwenye kamera, kila moja kama megabaiti 25, jumla GB 50. Kwenye kompyuta folda ilikuwa moja tu, lakini kila mara kijana alipobadilisha jina, programu ya nakala haikujua kwamba ni mtu yule yule kavaa shati jipya. Iliona folda ngeni, ikanakili yote upya, na ya zamani ikaihifadhi vilevile. Harusi moja, GB 250. Zaidi ya robo ya diski nzima.

Kijana alisimama nyuma yangu kimya, halafu akasema, "Sasa Yaya, nilikuwa naweka tu jina." Ni kweli. Na ni mimi niliyemfundisha kuweka majina hayo.

Kiwanja kingine kilikuwa na rangi ya peke yake, nacho ndicho kilichoniuma zaidi. Natumia Lightroom, programu ya kurekebisha picha. Kazi yote ya kurekebisha rangi haiingii ndani ya picha, inaingia kwenye faili moja inayoitwa katalogi. Yangu ilikuwa imefika GB 3. Ukigusa mwanga wa picha moja, katalogi nzima inahesabiwa imebadilika. Na programu yangu ya nakala niliiweka ipite kila saa. Siku ya kazi ya saa nane: mara nane kwa GB 3 ni GB 24. Siku sita za wiki: GB 144. Kwa kurekebisha paji la uso la bwana harusi!

Juu ya hapo, Lightroom yenyewe ukiifunga inakuuliza kama ifanye nakala ya katalogi. Mimi mtu mwangalifu nilikuwa najibu ndiyo, kila mara. Nakala hizo ilikuwa inaziweka kwenye folda iliyo jirani na katalogi, na haikuzifuta yenyewe hata siku moja. Kwa hiyo programu yangu ilikuwa inanakili katalogi, halafu inanakili nakala za katalogi. Zile folda za muda za video sizihesabu hata, nazo zilikuwemo, na hakuna anayezihitaji kwa sababu kompyuta inaweza kuzitengeneza upya.

Na zile nilizokuwa nafuta kwa mkono? Nusu yake zilikuwa bado ndani, kwenye pipa la takataka la diski yenyewe, folda iliyofichwa ambayo huioni mpaka uamuru kompyuta ionyeshe vilivyofichwa. Wiki nzima nilikuwa natoa takataka jikoni naziweka sebuleni.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wa kazi hii. Ushauri unaozunguka kati yetu ni miwili: nunua kubwa, au futa za zamani. Wa kwanza unagharimu dola. Wa pili naona ni mbaya zaidi. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Sawa, lakini mwenye embe je? Anayefuta usiku, na harusi ya kesho inasubiri nafasi, hafuti kisichohitajika. Anafuta anachokiona kwanza, na cha kwanza huwa ni cha zamani zaidi. Hicho ndicho kitakachokuokoa siku mteja atakapochomeka flashi yenye virusi, folda zote zigeuke vijipicha vya njia ya mkato, nawe usijue mpaka baada ya mwezi. Nakala ya jana itakuwa imeshanakili uharibifu. Unahitaji ya kabla.

Nilichofanya mimi ni kutenganisha vitu ambavyo havibadiliki na vile vinavyobadilika. Picha ya RAW haibadiliki kamwe: ilivyotoka kwenye kamera ndivyo itakavyokuwa hadi nife. Haihitaji matoleo kumi na moja. Inahitaji kuwepo mara mbili, mahali pawili, basi. Kwa hiyo RAW nimezitoa kabisa kwenye programu ya kila saa, nazinakili kwa mkono mara moja tu, siku ya harusi yenyewe, kwenye diski mbili, na jina la folda ni tarehe na mtaa. Halibadilishwi. Kama harusi imetolewa, tunaandika kwenye daftari, kwa kalamu. Katalogi, mikataba na hesabu za wateja ndivyo vinavyobadilika, na ndivyo vinavyostahili matoleo. Hivyo vimebaki kwenye programu, lakini mara moja kwa siku, jioni.

Halafu nikaangalia kitu ambacho sikuwahi kukiangalia: programu inahifadhi matoleo kwa muda gani. Wenye Windows, fungueni Historia ya Faili (File History), programu ya nakala ya Windows yenyewe, muone. Usipoigusa, inahifadhi milele. Milele ni neno kubwa kwa diski ya terabaiti 1. Mimi sasa nahifadhi mwaka mmoja. Wengine huweka mwezi, nadhani ni kidogo mno, kwa sababu ya virusi nilivyosema.

Rafiki yangu mpiga picha upande wa Himbi anatumia Mac, na alinipigia simu kwa hofu kwamba yake nayo imejaa. Nikamwambia alale. Time Machine, programu ya nakala ya Mac yenyewe, imeundwa hivyo: inashika nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi, za kila wiki kwa miezi ya nyuma, na diski ikijaa inafuta ya zamani zaidi yenyewe. Kwake kujaa ni hali ya kawaida, kama basi la Sake. Cha kumtia wasiwasi ni tarehe ya nakala ya mwisho, na wenye Apple wanashauri diski iwe angalau mara mbili ya kompyuta. Yake ilikuwa sawa na kompyuta. Huyo kweli anahitaji kubwa zaidi. Sikusema hakuna anayehitaji.

Yeye pia ndiye aliyenifanya nigundue jambo dogo. Diski tunayopeana, ya kusomeka kwenye Mac na Windows, imeformatiwa kwa mpangilio wa exFAT, na kwa ukubwa ule kila faili, hata yenye kilobaiti 2, kwa kawaida inakalia angalau kilobaiti 128. Ukiwa na vifaili vya maelezo 40,000, vile vinavyofuatana na picha, ni GB 5 za hewa tupu. Si nyingi, ila ndiyo sababu "ukubwa" na "ukubwa kwenye diski" havilingani ukiangalia sifa za folda, na nilishawahi kupoteza jioni nzima nikidhani diski ni mbovu.

Diski ya pili haikai Goma. Mtu aliyeona lava ya 2002 ikipita katikati ya mji hadi ziwani haweki vyote viwili mji mmoja, na kupakia GB 500 kwenye intaneti kwa mega za kununua ni ndoto ya mtu tajiri. Yangu iko Bukavu, kwa shangazi, ndani ya sanduku la vitenge. Kila baada ya miezi mitatu inakuja kwa boti, nyingine inakwenda. Shangazi aliniuliza ndani kuna nini. Nilimwambia kuna harusi yake. Tangu siku hiyo haruhusu mtu alisogeze sanduku.

Matangazo nimeyawasha tena. Jumamosi iliyopita nilifungua diski kabla ya kufunga studio: nakala ya mwisho, saa kumi na moja jioni ya siku ile ile. Nafasi iliyobaki, GB 412. Halafu nikaona, kwenye harusi ya juzi ya Ndosho, folda mpya inayoitwa "FINAL". Nikamwita kijana.