Vyombo vya habari vya uhamishoni: shida yangu ni mwenyeji

Kila nikishea habari ya hawa waandishi walio uhamishoni kwa grupu yetu ya mtaa lazima kuna mmoja atauliza, sasa huyu yuko Ulaya anajuaje yanayotokea kwao? Swali si baya. Mtu amefungiwa redio, amekimbia, pengine ndugu yake yuko jela, hasira itaingia tu kwa kazi, tena hawezi kufika sokoni aone bei kwa macho yake, anategemea voisi noti ya mtu ambaye pia ana upande wake.

Lakini nionyeshe njia nyingine bana. Eritrea serikali ilifunga magazeti yote ya binafsi Septemba 2001, hadi leo hakuna, kwa hivyo aliye Asmara anasikiliza Radio Erena inayotoka Paris tangu 2009. Darfur, Sudan, wana Radio Dabanga, iko Uholanzi, inarusha kwa masafa mafupi juu intaneti ikizimwa redio ya betri bado inashika. Na vita ya Sudan ilipoanza Aprili 2023 waandishi kibao walitoka, wengine wako hapa hapa Nairobi. Ukisema tungoje walio ndani ya nchi waandike, kwani huko amebaki nani?

Mimi hiyo hasira naweza kuipunguza mwenyewe nikisoma. Kinachonitia wasiwasi ni mwenyeji, yaani ile nchi iliyowapokea. Angalia Burundi, jaribio la mapinduzi la Mei 2015 likafeli, redio za binafsi zikavamiwa na kufungwa, watangazaji wakavuka mpaka, redio zao kama RPA na Inzamba zikaanza kurusha kutoka Kigali, Rwanda. Wakati Rwanda na Burundi hazisalimiani, poa, hakuna shida. Ilipofika 2021 wakubwa wa nchi hizo mbili wameanza kutongozana tena, Rwanda ikawaambia hao watangazaji wazime, na sidhani hapo kuna aliyejali kama habari zao zilikuwa za kweli ama za uongo. Sasa mpangaji wa namna hiyo atamkosoa vipi mwenye nyumba? Ndio maana nikisikiliza hizi stesheni huwa naangalia pia ni serikali gani hawaigusi kabisa.

Na sisi Wakenya tusijifanye wenyeji wazuri. Arshad Sharif, mwandishi wa Pakistan aliyekuwa amekimbia kwao, alipigwa risasi na polisi wetu Kajiado Oktoba 2022, ati walichanganya gari, mpaka korti ikasema mauaji hayo yalikuwa kinyume cha sheria. Januari 2025 Maria Sarungi Tsehai, Mtanzania wa Kwanza TV, alitekwa Kilimani, Nairobi, mchana, akaachiliwa usiku baada ya watu kupiga kelele.

Ile lawama kwamba hivi vyombo ni "vibaraka wa wazungu" ina ukweli nusu. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025 vyombo vingi vya aina hii viliyumba, kumbe mfuko ulikuwa huko. Ila wasikilizaji wao wangechangaje, wakati kwa nchi zingine kutuma hata shilingi mia kwa stesheni iliyopigwa marufuku ni kesi? Kwa hivyo hela itazidi kutoka nje, na wakiandika wazi kila mwaka ni nani amewalipa, mimi nitaendelea kuwasoma.