Mchanga wa kuzuia kuteleza

Wakuu, ile picha mnayorushiana tangu juzi ni mimi. Ila mwenzangu kawaambia nilikuwa nimelewa. Muongo! Nilikuwa napaka rangi.

Sakafu ya boti yetu pale Kibirizi, Kigoma, ilikuwa inateleza kama kambale. Mama mmoja alianguka na ndoo ya samaki, migebuka, akatutukania hadi mababu. Fundi akataka 80,000. Nikaona wizi: unapiga msasa, unapaka rangi, unamwagia mchanga mkavu ikiwa bado mbichi, ikikauka unafagia uliozidi, unapaka mkono wa pili. Basi. Nikabeba brashi na chekeche la unga. (Mama watoto, lile chekeche halikuibiwa. Tutaongea.)

Nikaanzia omo, yaani mbele, penye ubao wa kushukia nchi kavu. Msicheke bado. Napaka, nachekecha mchanga, narudi kinyumenyume napiga mluzi, hadi kisigino kikagonga ukingo wa tezi, nyuma kabisa. Kuinua macho: mita sita za rangi mbichi kati yangu na ubao. Nyuma, Ziwa Tanganyika. Na mimi mtoto wa Ujiji sijui kuogelea. Haya, sasa mmejua.

Tezi na omo marejeo ni ngamani, ila wahenga hawakusema ngama, tumbo la chombo, ikiwa imepakwa rangi.

Nikachuchumaa. Kipande cha mwisho, cha chini ya miguu yangu, kilikuwa na rangi tu, mchanga bado. Upepo ukaingia. Boti ikalala kushoto, mguu wa kulia ukaondoka bila kuniaga. Ikalala kulia, na wa kushoto ukaufuata mwenzake. Nikaliona anga la Kigoma, jeupe, halina hata wingu. Kisha: pwaa! Ule mlio wa ugali kutua kwenye sahani. Ubaridi ukapenya kaptula taratibu. Na chekeche, lililokuwa hewani muda wote huo, likageuka na kunimwagia mchanga wote kichwani. Asiyeteleza pale nikawa mimi.

Meli ya Liemba ilizamishwa ziwani humu 1916 ikaibuliwa 1924. Mimi nilitaka kuzama tu, kuibuliwa sitaki.

Nasikia kutoka ufukweni: "Kaka, tulia hivyohivyo!" Nikadhani analeta mtumbwi. Alikuwa anatafuta pembe nzuri ya picha.

Mtumbwi ukaja, mafuta ya taa, kaptula ikachomwa, fundi kalipwa 80,000 zake. Alama ya makalio kasema msasa umeshindwa, kaipaka juu kwa juu.

Jana yule mama wa migebuka kapanda. Hakuteleza. Akasimama tezini, akainama, akaitazama alama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, huyu aliyekaa hapa, alinyanyukaje?"