Fokasi Imepotea, Bando Nalo

Jamani, mashine nazo zina dharau. Umegeuka sekunde mbili tu kusoma meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", ukirudi kwenye kihariri, ile programu ya kuandikia kodi za kompyuta, unakuta kimeshahifadhi mafaili, kimerusha folda nzima kwenye seva na bando limetoa notisi ya asilimia sabini na tano. Nani kakituma? Wewe mwenyewe. Usiku, kwa mkono wako, huku ukijiona fundi.

Kwenye Vim, kihariri kimojawapo, mstari wenyewe wa mipangilio ni mfupi kama jina la utani: au FocusLost * silent! wa. Hiyo au ni amri-otomati, inajiendesha yenyewe tukio likitokea: dirisha likipoteza fokasi, yaani ukihamia dirisha jingine, hifadhi kila kilichobadilika, kimyakimya. Ile alama ya mshangao si urembo. Iondoe uone faili lisilo na jina linavyokurushia kosa E141 mbele za watu. Mwenzake ni au FocusGained * checktime, ukiweka na set autoread, ili ukirudi kihariri kikague kama programu nyingine imelichezea faili huku nyuma. Mpaka hapo wewe ni mstaarabu, huna kesi na mtu. Kesi huanza pale tamaa inapokwambia: kwa kuwa kinahifadhi, si kikimbize na rsync, ile programu ya kurusha mafaili kwenye seva, hapohapo?

Haya, iweke kompyuta hiyo kwenye steshenari yoyote ya Mtwara mjini, msimu wa salfa, dawa ya mikorosho.

Bibi anaingia na barua ya kupeleka chama cha msingi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Nichapie hii, nina haraka."

Unaacha kodi, unafungua barua. Fokasi imepotea, rsync inakwenda. Unachapa. Unarudi kwenye kodi, hujagusa hata herufi, bibi anakumbuka kwamba mifuko ya salfa ilikuwa mitano, si minne. Unaondoka tena: rsync. Unarudi. Mwanafunzi anachomeka flashi, antivirusi inachomoza katikati ya kioo kutangaza kirusi ambacho kila mtu mtaani anakijua: rsync. Unakifunga kisanduku, fokasi inarudi, printa nayo inafungua chake kulalamika karatasi zimekwisha: rsync. Na kama ulijifanya mjanja ukaweka ile mipangilio ya fokasi kufuata mausi, basi bibi akiegemea meza tu, kitenge kikasukuma mausi kidogo, mshale ukapita dirisha la pembeni na kurudi, imeshahesabiwa safari.

"Mume wangu, hicho kinachopitapita hapo chini ni nini?"

"Kinapeleka kazi kwenye seva, bibi."

"Kazi gani, na hujaandika kitu?"

Hapo ndipo utu uzima unapokutoka. Maana bibi ambaye hajawahi kugusa kibodi amegundua kosa ambalo wewe umelilipia bando wiki nzima. Ile wa inaandika mafaili yaliyobadilika tu. Rsync uliyoibandika pembeni yake haiulizi. Bibi ana haki. Rsync iondoe kwenye FocusLost, ihamishie kwenye BufWritePost, ambayo inaamka pale tu faili linapoandikwa kweli. Ukimaliza unajipigapiga kifua, unajaribu, hakuna kinachokwenda. Kimya kama ofisi Ijumaa alasiri. Kwa nini? Kwa sababu Vim hairuhusu amri-otomati moja iamshe nyingine mpaka uiombe kwa adabu: au FocusLost * ++nested silent! wa. Matoleo ya zamani yanataka nested bila hizo jumlisha. Neno moja hilo, na saa tatu za mtu zimekwisha.

Halafu ukiisoma upya vimrc, faili la mipangilio ya Vim, mara tatu bila kuzifunga amri zako ndani ya kundi la augroup lenye au! ya kufuta za zamani mwanzoni, kila amri inazaa pacha. Fokasi ikipotea mara moja, kazi inafanyika mara nne, kama kaka zako wanne waliotumwa gengeni kununua nyanya zilezile.

Wa tmux, mnaofungua terminali nyingi ndani ya moja, msinung'unike: andikeni set -g focus-events on, mjitoe na kuingia tena. Bila hiyo terminali inapiga kelele, tmux inameza.

Wa Emacs, kile kihariri kingine, poleni. Kwanza huko dirisha si dirisha. Kile ambacho dunia nzima inakiita dirisha, wao wanakiita fremu. Madirisha ni vile vipande vya ndani. Toleo la 24.4 la mwaka 2014 likaleta focus-in-hook na focus-out-hook, orodha za kazi za kufanya fokasi ikija au ikiondoka, watu wakazizoea, wakajenga na nyumba. Mwaka 2020 likaja 27.1, zikastaafishwa. Sasa kuna after-focus-change-function, ambayo si orodha ya kutundikia kwa add-hook; unaivisha kwa add-function, upande wa :after. Yenyewe haikwambii nani kapata wala nani kakosa, inasema tu "kuna kitu kimebadilika", kama jirani mmbea asiyemaliza habari. Itabidi upite frame-list fremu moja moja ukiuliza frame-focus-state, na majibu ni matatu: t (ndiyo), nil (hapana), na unknown (haijulikani). Unknown! Hilo ni jibu la karani wa dirisha la tatu. Na ukihama tu kutoka fremu moja ya Emacs kwenda nyingine, usikimbilie kuhifadhi. Weka taima ya nusu sekunde, uulize upya, ndipo uamue.

Yote hayo ili kazi isipotee. Halafu umeme unakatika. Gesi tunayo hapo Mnazi Bay, sitaki maneno. Umeme unakatika, na hakuna FocusLost. Hakuna tangazo lolote! Tukio linalokukimbiza kwa kitenge cha bibi, siku ya msiba halionekani. Linalokuokoa ni faili la swap, ambalo hukulilipia hata shukrani: kila herufi 200, au ukitulia sekunde nne, Vim inaandika akiba, ukiwasha unaita vim -r na jina la faili. Emacs nayo ni vibonyezo 300 au sekunde 30 za kutulia, kisha M-x recover-file. Barua ya bibi iliandikwa kwenye programu nyingine, na hiyo haikuhifadhiwa na mtu.

"Basi nakaa," bibi anasema, anavuta stuli, anafungua korosho zake za kukaanga, anakupa tano. Kumbe zimefungwa kwenye karatasi iliyochapwa hapahapa steshenari, mtihani wa jiografia, wino umekolea upande mmoja. Swali la nne limekatwa kwenye "Eleza". Ndiyo maana vidole vina mafuta na kitufe cha Enter kinanata.