Shemeji na Kabati Lake la Lenzi

Naomba nieleweke mapema kwamba sina ugomvi na mtu anayependa kamera. Ugomvi wangu ni na mtu mwenye kamera nyingi kuliko picha, na kwa bahati mbaya mtu huyo ni mdogo wa mke wangu, ambaye hapa Mbagala anajulikana kwa kabati lenye makufuli na kuta zisizo na picha hata moja.

Ukimtembelea, chai haiji kabla hujaonyeshwa lenzi. Huitoa katika mfuko wa ngozi, huipuliza, huigeuza chini ya taa, kisha hukusomea namba zilizoandikwa kwenye ukingo wake hadi usahau kilichokupeleka. Ukimuuliza inapigia picha gani, anakasirika, kwa maelezo kwamba hilo ni swali la watu wa simu.

Sasa kamati ya harusi ya mpwa wetu, katika kubana matumizi, ilimkabidhi yeye kazi ya picha. Mwanga wa kumbi zetu mnaujua: taa za zambarau, moshi wa mashine, na MC anayeamuru hata taa chache zilizopo zizimwe bibi harusi anapoingia. Kazi ya namna hiyo inataka lenzi yenye tundu pana. Ile ndogo ya mm 50 (mm zikizidi, lenzi huvuta vya mbali zaidi) yenye f/1.8 (namba ya f ikipungua, tundu hupanuka), ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa, huingiza mwanga zaidi ya mara 9 ya ile ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, pale hii ya pili inapovutwa hadi mm 55 na tundu lake kuishia f/5.6. Shemeji hana lenzi hiyo. Anasema ni ya plastiki, itashusha hadhi ya kabati.

Alichokuja nacho ukumbini ni lenzi ya mm 600, ambayo wenye akili huibeba Serengeti kumvizia chui aliyelala juu ya mti wa mbali. Hesabu yake haihitaji chuo kikuu: kwa kamera yenye sensa, yaani kile kibao cha ndani kinachonasa picha, ya upana wa mm 36, ukisimama mita 5 kutoka kwa bibi harusi, picha inabeba upana wa sentimita 30 tu. Kwa hiyo keki ilipokatwa tulipata kisu, na pete zilipovishwa tulipata kidole, ambacho mpaka leo koo mbili hazijakubaliana ni cha nani. Ili awapate maharusi wote wawili ilimbidi arudi nyuma, na azidi kurudi nyuma, mpaka akajikuta nje ya mlango, ambako mlinzi alimdai kadi ya mwaliko.

Nilipothubutu kumshauri aangalie kazi kwanza ndipo achague lenzi, alinitajia mpiga picha maarufu Henri Cartier-Bresson, nami nikafurahi, maana Mfaransa huyo ni shahidi wangu mimi. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya kwa kamera ndogo ya Leica na lenzi ya mm 50, na pale kamera ilipong'aa alipabandika utepe mweusi ili watu wa mitaani wasiitambue. Shemeji yeye kamera zake anazisugua kila Jumapili zizidi kung'aa.

Anayetaka kupiga ndege anunue hiyo mm 600, nasi tutampongeza; anayepiga picha za pasipoti atafute taa nzuri na kitambaa cha nyuma, asitusumbue na lenzi. Lakini kununua ili kufungia kabatini, tena katika pwani hii! Joto na unyevunyevu vikikutana na mfuko wa ngozi gizani, kuvu huota juu ya vioo, hutandaza nyuzi zake nyeupe, na hatimaye hula utando laini uliopakwa kiwandani. Lenzi inayotolewa nje mara kwa mara ikapata hewa na jua ina nafuu kubwa. Shemeji, kwa gharama ya kiwanja cha Kigamboni, anafuga uyoga.

Mwezi ujao tunambatiza mwanangu, na mke wangu ameshaamua kwamba picha ni za mjomba wa mtoto. Bajeti ameileta jana: anaomba achangiwe lenzi ya makro, ile ya kupigia nzi na chavua, na nilipomuuliza sababu alinijibu kwa upole, "Shemeji, si umesema tuangalie kazi kwanza? Mtoto mwenyewe ni mdogo."