Kwaya ilitangulia fidla

Ikitajwa tu Okestra ya Kimbanguiste, ile ya kanisa la Kimbanguiste la Kinshasa, Kongo, lazima mtu alete habari ya waya za breki. Mnaijua: uzi wa fidla umekatika, dukani hakuna, wakachomoa waya wa breki ya baiskeli wakaufunga. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, alianza na fidla chache kuliko wanafunzi, mtu akipiga kidogo anampisha mwenzake. Lakini hadithi hii imenichosha. Inawafanya waonekane mafundi wa kuungaunga tu, muziki wenyewe hauulizwi.

Mimi nauliza: watu waliokuwa hawajawahi kushika fidla walijifunzia wapi kushika sauti yao katikati ya wenzao kumi wanaoimba kitu kingine?

Kanisani, wapi pengine. Simon Kimbangu, mhubiri ambaye kanisa hilo lina jina lake, babu yake Armand, alikamatwa na Wabelgiji waliotawala Kongo mwaka 1921, akafia gerezani mwaka 1951 Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Miaka thelathini mhubiri yuko kifungoni, waumini wanaimba. Wana nyimbo wanazoamini wameshushiwa kutoka mbinguni. Baadaye wakawa na bendi za matarumbeta na za filimbi. Okestra ilipofika, masikio yalikuwa tayari.

Naimba bezi kwenye kwaya ya mtaani, kwa solfa za ubaoni, zile do-re-mi, kwa hiyo nina upendeleo. Siku moja mwalimu alifunga kinanda katikati ya wimbo. Sauti ya kwanza ikapanda, sisi tukaifuata kama kondoo. Akatuuliza, "Bezi, mmehamia lini huko?" Tangu hapo namheshimu yeyote anayebaki kwenye mstari wake bila kushikiwa.

Sasa chukua Simfonia ya Tisa ya Beethoven, mtunzi Mjerumani, ambayo hawa wa Kinshasa wameipiga. Kwaya haiimbi neno mpaka sehemu ya nne, ya mwisho. Unakaa kama dakika arobaini, koo linakauka, halafu unasimama kuimba Kijerumani, wewe wa Kilingala na Kifaransa. Sauti ya kwanza wanapelekwa juu kabisa na kuachwa hukohuko. Katika filamu moja ya Wajerumani ya 2010, umeme unakatika karibu kabisa na sehemu hiyo.

Watu wakisimuliana filamu ile, wanarudi kwenye waya za breki. Mimi ningemtafuta dada mmoja wa sauti ya kwanza nimuulize alivuta pumzi wapi.