Picha za familia zikae nyumbani

Google Photos ilipoanza mwaka 2015 ilitoa nafasi isiyo na kikomo kwa picha zilizopunguzwa ubora kidogo. Tarehe 1 Juni 2021 ofa hiyo ikaisha, na kila picha mpya ikaanza kuhesabiwa ndani ya GB 15 za bure, zilezile zinazobeba barua pepe na mafaili mengine. Wapo walioanza kulipia, na wapo walioanza kufuta. Hao wanaofuta ndio wanaoniuma. Mtu anafuta video ya bibi akimwimbia mjukuu ili barua pepe za kazini zipate pa kuingia!

Kama nyumbani kuna kompyuta ya zamani ambayo bado inawaka, picha za familia zihamie humo. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wakilitetea jambo hili hutanguliza faragha, na hoja hiyo naikubali. Ila kwetu Dar es Salaam iko nyingine nzito zaidi: bando. Simu ikituma picha kwa waifai ya ndani hadi kwenye seva, yaani kompyuta hiyo iliyo sebuleni, hakuna MB inayokatwa, kwa sababu data haitoki nje ya nyumba. Video nzima ya harusi inapanda hata kama kifurushi kiliisha tangu asubuhi.

Mimi natumia Immich, programu huria ya kutunza picha iliyoanza mwaka 2022 na kutoa toleo lake la kwanza thabiti, 2.0, Oktoba 2025. Inakaa ndani ya Docker (programu inayoendesha programu nyingine kila moja katika chumba chake) juu ya mfumo endeshi wa Linux, na RAM ya GB 8 inaitosha. Inatambua sura za watu humohumo kwenye mashine yako. Kwenye kompyuta ya zamani kazi hiyo huchukua muda mrefu mwanzoni, basi iache ifanye usiku.

Kinachotaka umakini hasa ni umeme. Ukikatika na kurudi, seva inaweza kuwaka kabla diski ya nje yenye picha haijaunganishwa kwenye folda yake. Programu nyingi hapo zingeanza kuandika kwenye folda tupu kana kwamba hakuna kilichotokea. Immich huweka faili dogo lililofichwa, .immich, ndani ya kila folda yake, na isipolikuta inagoma kuwaka. Ukiona imegoma, usikimbilie kusanikisha upya. Angalia diski kwanza. Dawa ya kudumu ni kuandika UUID ya diski (namba yake ya utambulisho) kwenye /etc/fstab, faili la Linux linaloorodhesha diski za kuunganishwa kompyuta inapowaka, na UPS ndogo (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ukiimudu.

Jingine ni picha za WhatsApp. Zikitumwa kwa njia ya kawaida hupoteza tarehe na mahali zilipopigwa, kwa hiyo Idi ya mwaka juzi inajipanga katikati ya picha za wiki hii. Waombe ndugu wazitume kama hati. Taarifa zake hubaki.

Ndugu walio mbali nao wanafikika. Intaneti nyingi za nyumbani hazikupi anwani yako ya umma, ile ambayo simu iliyo nje ingeitumia kuifikia seva, na kwa hali hiyo Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wa faragha, ndiyo rahisi kuliko zote: unaiweka kwenye seva na kwenye simu, basi. Sioni sababu ya kuifungulia dunia nzima mlango wa seva kwa ajili ya albamu ya familia.

Ninachokipinga kwa nguvu ni kuiita seva hii nakala rudufu. Immich hutunza nakala ya kanzidata (hifadhi ya taarifa zake) kila usiku, ila ndani yake hamna picha, na kwa kawaida inakaa kwenye diski ileile. Inatakiwa diski ya pili yenye folda ya picha pamoja na nakala hiyo ya kanzidata, maana albamu na majina ya sura yamo huko. Diski hiyo ilale nyumba nyingine, kwa dada au kwa wazazi, na ibadilishwe mnapotembeleana. Ambaye hajainunua bado aendelee kutumia Immich, lakini asifute chochote kwenye simu.