Muuguzi hajajaza dodoso: alazimishwe au aachwe?

Hospitali nyingi zikitaka kujua hali ya watumishi wake, nani anaumwa mgongo, nani kachoka kupita kiasi, nani hajamaliza chanjo ya homa ya ini B, hugawa madodoso. Yakirudi machache, mabishano huanza. Wapo wanaotaka kujaza kuwe lazima, na wapo wanaotaka mtu aamue mwenyewe.

Wanaotaka lazima wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Asiyejaza mara nyingi ndiye hasa anayetafutwa. Aliyebaki na wodi nzima usiku hapati nafasi ya kuketi na karatasi, na aliye mapumziko ya ugonjwa hata hajui kama dodoso lilipita. Wakijibu wenye nafasi tu, ripoti itasema watumishi wote wana afya njema. NHS, huduma ya afya ya umma ya England, huwauliza watumishi wake kila mwaka tangu 2003, na hata huko wanaojibu ni karibu nusu. Mwaka 2023, zaidi ya 4 kati ya kila 10 waliojibu walisema msongo wa kazi uliwahi kuwafanya waugue ndani ya miezi 12. Je, waliokaa kimya?

Lakini ukimlazimisha mtu atakupa alama za vema, siyo ukweli. Tazama ukurasa wa kwanza: kada, jinsi, umri, miaka kazini, idara. Jina hakuna. Ila kama hospitali ya wilaya ina mtaalamu wa usingizi mmoja tu wa kike, hapo ameshatajwa. Karatasi zenyewe zinakusanywa na mfawidhi, yuleyule anayepanga zamu, na ndani kuna swali kama umewahi kujichoma sindano ukanyamaza. Nani ataandika ndiyo, wakati kunyamaza ni kosa?

Kwenye NHS, majibu hupokelewa na kampuni ya nje, na kundi lenye majibu yasiyofika 10 halitolewi matokeo yake peke yake. Sharti hilo la pili halihitaji bajeti. Linahitaji mtu wa kumwambia mganga mkuu kwamba jedwali analolitaka hapewi.

Mimi naegemea hiari, ila si hiari ya kutupa karatasi mezani na kuondoka. Muda wa kujaza utolewe ndani ya zamu, na matokeo yabandikwe ubaoni pamoja na kitu kimoja kilichokwisha kufanyika, hata kama ni kusogeza visanduku vya sindano karibu na vitanda. (Soda na vocha za kuwashawishi watu wajaze sina ugomvi nazo.)

Hapo bado zahanati yenye watumishi sita inabaki nje. Kwa kanuni ya 10 haitoi jibu lolote, na bila kanuni hiyo kila jibu lina mwenyewe. Huko afadhali aje mtu wa nje ya wilaya azungumze na mmoja mmoja, na nauli yake iingizwe kwenye bajeti ileile ya kuchapa madodoso.